Vipeo na Vipeuo, Kuanzia Shimo la Kahawa

Kipeo ni njia fupi ya kuandika kuzidisha kunakojirudia. Badala ya kuandika 5 × 5 × 5 × 5, inatosha kuandika 5⁴. Namba kubwa ya chini ndiyo inayozidishwa, na kinamba kidogo cha juu kinaeleza inajitokeza mara ngapi. Jibu ni 625. Kipeuo hurudi kinyumenyume: 625 inajulikana, 4 inajulikana, na kinachotafutwa ni namba gani ilizidishwa hadi ikafika hapo. Anayejua kwamba 5⁴ ni 625 tayari anajua kwamba kipeuo cha nne cha 625 ni 5. Hakuna elimu ya pili ya kujifunza. Ni swali lile lile likiulizwa kutoka upande wa jibu.

Vipeo viwili hutumika kuliko vingine vyote, kwa sababu vitu vina urefu, upana na kimo. Urefu ukizidishwa kwa urefu ule ule hutoa eneo la mraba, na ndiyo sababu kipeo cha pili cha namba huitwa pia mraba wake. Ukizidishwa mara ya tatu hutoa ujazo wa mchemraba. Anayetaka kuviona vipeo hivi nje ya daftari hana haja ya kwenda mbali na shamba la kahawa.

Kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru na Embu, Waafrika wachache walianza kuruhusiwa na serikali ya kikoloni kupanda zao hilo katika miaka ya 1930, pamoja na wenzao wa Kisii. Tangu hapo mche wa kahawa umekuwa ukipandwa kwa kipimo. Aina za zamani kama SL28 na SL34 hupewa nafasi ya futi 9 kwa futi 9. Kila mche basi unashika 9², yaani futi 81 za mraba. Ekari moja ina futi za mraba 43,560, na 43,560 ukiigawanya kwa 81 hutoa karibu 538. Ile hesabu ya wakulima kwamba ekari hubeba miche kama 540 inatoka hapo.

Ruiru 11, aina fupi iliyotolewa katika miaka ya 1980, hupandwa kwa nafasi ya mita 2 kwa mita 2. Mche mmoja unachukua mita 4 za mraba. Hekta ni mita 100 kwa mita 100, kwa hiyo ina mita za mraba 10,000 na inapokea miche 2,500, ambayo ni 50²: mistari 50, kila mstari miche 50. Kwa nafasi ya zamani, ambayo ni mita 2.74, hekta hiyo hiyo ilipokea miche kama 1,330. Nafasi kati ya mche na mche imepungua kwa kama robo tu, lakini idadi ya miche imekaribia kuongezeka maradufu. Badiliko dogo la upande hukua likiingia kwenye eneo, na hukua zaidi likiingia kwenye ujazo.

Shimo la mche wa kahawa linaonyesha hilo waziwazi. Kipimo kinachopendekezwa ni futi 2 kwa upana, futi 2 kwa urefu na futi 2 kwenda chini. Udongo unaotoka ni 2³, yaani futi 8 za ujazo. Tuseme kibarua anayelipwa kwa shimo amepunguza nusu futi kila upande. Shimo la futi moja na nusu halionekani dogo sana mtu akilitazama akiwa amesimama, na mwenye shamba anaweza kudhani kwamba pungufu ni robo. Lakini 1.5³ ni 1.5 × 1.5 × 1.5, ambayo ni 3.375. Udongo uliotolewa ni asilimia 42 tu ya unaotakiwa. Mizizi imenyimwa zaidi ya nusu ya nafasi yake na mbolea imekosa mahali pa kukaa, na hasara hiyo inarudiwa mara 500 na zaidi katika ekari moja.

Kosa la kwanza la mwanafunzi katika somo hili ni kuandika kwamba 2³ ni 6. Amezidisha namba ya chini kwa kinamba cha juu. Kosa hili halitokani na uzembe. Mara nyingi linatokana na mfano uliotumiwa siku ya kwanza. Walimu wengi huanza na 2² kwa kuwa ni rahisi, na huo ndio mfano mbaya kuliko yote. 2 × 2 ni 4, 2 + 2 ni 4, na 2² ni 4. Mwanafunzi aliyeelewa na ambaye hakuelewa wanapata jibu moja, na mwalimu anaweka alama ya vema kwa wote wawili. Mfano wa 3² ungewatenganisha mara moja, kwa sababu mmoja angeandika 9 na mwingine 6. Mfano wa 10³ ni bora zaidi, kwani hakuna anayeweza kuchanganya 1,000 na 30.

Nchini Kenya somo hili halifundishwi kwa mkupuo mmoja. Katika mtaala wa umilisi, miraba na vipeuo vya pili huingia Gredi ya 7, darasa lililoanza mwaka 2023, kisha vipeo vya tatu, kanuni za vipeo na logi hufuata Gredi ya 9. Katika mfumo wa 8-4-4, ambao watahiniwa wake wa mwisho wa KCSE ni wa mwaka 2027, mambo hayo hayo yamesambazwa kuanzia Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu. Mitaala yote miwili inamtarajia mwanafunzi aweze kutafuta kipeuo bila kikokotoo, na wengi hujikwaa hapo.

Njia ya kwanza ya kutafuta kipeuo ni ya vigawo tasa. Namba hupasuliwa hadi zibaki namba tasa peke yake, yaani zile zisizogawanyika isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe, kisha vigawo hivyo hupangwa kwa jozi. Kila jozi hutoa kigawo kimoja. Chukua 1,764. Ikipasuliwa inakuwa 2 × 2 × 3 × 3 × 7 × 7. Jozi ni tatu, na kipeuo cha pili ni 2 × 3 × 7, ambayo ni 42. Kwa kipeuo cha tatu vigawo hupangwa vitatu vitatu badala ya viwili viwili.

Namba za mtihani mara nyingi huchaguliwa zipate jozi kamili. Namba za shambani hazichaguliwi na mtu. Swali la kawaida kabisa Meru au Embu ni hili: shamba la ekari moja likiwa mraba, upande wake ni futi ngapi? Kinachotafutwa ni kipeuo cha pili cha 43,560. Vigawo vyake tasa ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 11 × 11. Kuna jozi ya 2, jozi ya 3 na jozi ya 11, ambazo kwa pamoja hutoa 66. Zinazobaki bila mwenzi ni 2 moja na 5 moja, ambazo zikizidishwa ni 10. Jibu kamili kwa hiyo ni 66√10.

Hiyo 66 ina historia yake. Wapimaji ardhi wa Uingereza walitumia mnyororo wa chuma wenye urefu wa futi 66, na ekari yao ilikuwa upana wa mnyororo mmoja kwa urefu wa minyororo kumi, yaani futi 66 kwa futi 660. Kipimo hicho kililetwa Kenya na ukoloni na bado kinatawala soko la ardhi hadi leo. Ekari ni miraba kumi ya mnyororo, na √10 iliyobaki ndani ya alama ni dalili kwamba miraba kumi iliyo sawa haiwezi kupangwa ikawa mraba mmoja mkubwa bila kukatwa.

√10 yenyewe haina mwisho. Ni 3.1622 na kuendelea, na tarakimu zake hazikomi wala hazijirudii kwa mpangilio. Ni namba isiyowiana, isiyoweza kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili. Mwanafunzi anayeacha jibu likiwa 66√10 hajashindwa kumaliza kazi. Ameandika jibu sahihi kabisa, wakati anayeandika 208.7 ameandika jibu la karibu. Mwenye kununua waya wa ua anataka 208.7. Anayeendelea na hesabu ndefu anafaidika kuibakiza √10 hadi mwisho, kwa sababu huenda ikakutana na √10 nyingine zikawa 10 kamili.

Namna ya kuipata 208.7 bila kikokotoo ni ya kale na inastahili kufundishwa zaidi ya inavyofundishwa sasa. Mtu hukisia, hugawanya, kisha hutafuta wastani. Kisio la kwanza liwe 200. Ukigawanya 43,560 kwa 200 unapata 217.8. Kama 200 ingekuwa sahihi, jibu la kugawanya lingekuwa 200 vilevile. Kwa kuwa ni kubwa kuliko 200, upande wa kweli uko kati ya hizo mbili. Wastani wa 200 na 217.8 ni 208.9. Rudia: 43,560 ukiigawanya kwa 208.9 ni karibu 208.52, na wastani wa 208.9 na 208.52 ni 208.71. Kwa hatua mbili tu jibu limekuwa sahihi hadi sehemu mia ya futi. Heron wa Alexandria aliieleza njia hii katika karne ya kwanza, lakini Wababiloni walikuwa na vipeuo vizuri karne nyingi kabla yake. Kipande chao cha udongo kilichohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, chenye umri wa zaidi ya miaka 3,500, kina mraba uliochorwa pamoja na thamani ya √2 ambayo ni sahihi hadi tarakimu ya tano baada ya nukta. Alama √ yenyewe ni changa kuliko hesabu yake. Ilichapishwa na Christoff Rudolff wa Ujerumani mwaka 1525, na mtindo wa kuandika vipeo kwa vinamba vidogo vya juu ulienezwa na kitabu cha jiometri cha Mfaransa René Descartes cha mwaka 1637.

Njia ya tatu ni kijitabu cha majedwali ambacho mtahiniwa huingia nacho katika mtihani. Jedwali la vipeuo vya pili lina sehemu mbili, moja ya namba kati ya 1 na 10, nyingine ya namba kati ya 10 na 100. Tarakimu 4356 zinapatikana katika sehemu zote mbili: upande mmoja zinatoa 2.087, upande wa pili 6.600. Nani achague lipi? Kanuni ni kukata namba kwa jozi za tarakimu kuanzia nukta ya desimali kwenda kushoto. 43,560 hukatwa kuwa 4, 35 na 60. Jozi ya kwanza ina 4 peke yake, kwa hiyo namba ni 4.356 × 10⁴, na kipeuo chake ni 2.087 × 10², yaani 208.7. Namba 4,356 hukatwa kuwa 43 na 56. Hiyo ni 43.56 × 10², na kipeuo chake ni 6.6 × 10, yaani 66. Siri ni kwamba kipeo cha 10 lazima kiwe namba shufwa ili kigawanyike kwa 2. Anayesahau hilo atapata 660 mahali pa 208.7, na jibu lake litakuwa na sura ya kupendeza na kosa la zaidi ya mara tatu.

Fundi wa ujenzi hutumia vipeo vya pili kila anapochora msingi wa nyumba. Kuanzia kwenye kona hupima futi 3 kwenye kamba moja, futi 4 kwenye kamba ya pili, kisha husogeza kamba mpaka umbali kati ya alama hizo mbili uwe futi 5 kamili. Kona hapo ni nyuzi 90 bila shaka, kwa sababu 3² + 4² ni 9 + 16, ambayo ni 25, na 25 ni 5². Kwa kona kubwa hutumia 6, 8 na 10. Hiyo ndiyo kanuni ya Pythagoras, na inatoa pia tiba ya kosa jingine maarufu la wanafunzi, la kudhani kwamba kipeuo cha jumla ni jumla ya vipeuo. √(9 + 16) ni √25, yaani 5. Lakini √9 + √16 ni 3 + 4, yaani 7. Kama hizo mbili zingekuwa sawa, kukatiza shamba kutoka kona hadi kona kusingefupisha njia hata hatua moja. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mshazari wa √(2,500 + 10,000), yaani √12,500, ambayo ni 50√5, kama futi 111.8. Anayepita pembeni anatembea futi 150. Kipeuo kinaweza kupenya kwenye kuzidisha na kugawanya, lakini hakipenyi kwenye kujumlisha na kutoa.

Kanuni za vipeo si za kukariri. Zote zinatokana na kuhesabu. 2³ × 2⁴ ni mbili tatu zikizidishwa kwa mbili nne, jumla mbili saba, kwa hiyo ni 2⁷: vipeo hujumlishwa. 2⁵ ÷ 2² ni mbili tano zikiondolewa mbili mbili, zinabaki tatu: vipeo hutolewa. (2³)² ni kundi la mbili tatu likirudiwa mara mbili, jumla sita: vipeo huzidishwa. Kanuni ya kujumlisha haitumiki namba za chini zikitofautiana. 2³ × 5⁴ haiwezi kuwa 10⁷, na bado jibu hilo hutokea kwenye karatasi za mitihani.

Ugumu huja kipeo kinapokuwa sifuri au hasi, kwa kuwa haiwezekani kuzidisha namba mara sifuri, sembuse mara hasi tatu. Hapa mgawanyo wa ardhi unasaidia kuliko maelezo mengi. Kipande cha ekari 8 kikigawanywa katikati kila kizazi kinakuwa ekari 4, kisha 2, kisha 1. Kwa lugha ya vipeo hiyo ni 2³, 2², 2¹, halafu 2⁰. Kila mgawanyo hupunguza kipeo kwa 1, na kizazi kilichofikia ekari moja kimefika kwenye kipeo sifuri. Hivyo 2⁰ ni 1, na kwa hoja hiyo hiyo namba yoyote isiyo sifuri ikiwa na kipeo sifuri ni 1. Mgawanyo hauishii hapo. Ekari moja ikikatwa katikati ni nusu, 2⁻¹. Ikikatwa tena ni robo, 2⁻². Ikikatwa tena ni sehemu ya nane, 2⁻³. Kipeo hasi hakifanyi namba kuwa hasi. Kinasema tu kwamba mgawanyo umevuka moja. Sehemu ya nane ya ekari ni futi za mraba 5,445, na ploti ya 50 kwa 100 inayouzwa mijini kwa jina hilo ni 5,000. Tofauti ya futi 445 za mraba ni nafasi ya chumba kikubwa, na mnunuzi ana haki ya kuijua kabla ya kulipa.

Vipeo vya sehemu hukamilisha jambo. Kama vipeo hujumlishwa wakati wa kuzidisha, basi 9 yenye kipeo cha nusu ikizidishwa kwa yenyewe lazima itoe 9¹, kwa kuwa nusu na nusu ni moja. Namba inayozidishwa kwa yenyewe ikatoa 9 ni 3. Basi kipeo cha nusu na kipeuo cha pili ni kitu kimoja, na kipeo cha theluthi ni kipeuo cha tatu. Tangu hapo vipeuo havihitaji kanuni zao wenyewe. Vinafuata zile zile za vipeo.

Jambo la alama hasi ni fupi. (−3)² ni 9, kwa sababu hasi kwa hasi ni chanya. −3² bila mabano ni −9, kwa sababu kipeo kinashika 3 peke yake. Na ingawa 3 na −3 zote zina mraba wa 9, alama √9 inasimamia 3 tu; atakaye zote mbili huandika ±.

Matangi ya maji yanaonyesha kipeuo cha tatu. Mita moja ya ujazo ina lita 1,000. Tangi la zege la umbo la mchemraba, la kuhifadhi lita 10,000 za maji ya mvua, linahitaji mita 10 za ujazo, na upande wake ni kipeuo cha tatu cha 10, kama mita 2.15. Familia ikitaka tangi la lita 20,000, fundi asiyejua hesabu hii anaweza kupendekeza kuongeza kila upande maradufu. Hilo lingetoa lita 80,000. Upande unaohitajika ni kipeuo cha tatu cha 20, kama mita 2.71. Sentimita 56 tu za nyongeza kila upande zinatosha, na saruji inayookolewa ni nyingi.

Katika mpaka wa kusini wa Embu, Mto Tana umezuiwa na mabwawa matano ya umeme ya Seven Forks: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, lilijengwa liweze kushika takriban mita za ujazo 1,560,000,000. Namba kama hiyo humchosha msomaji na ni rahisi kukosea sifuri zake, kwa hiyo huandikwa 1.56 × 10⁹: namba moja kati ya 1 na 10, ikizidishwa kwa kipeo cha 10. Mtindo huu unarahisisha kipeuo pia. Kipeuo cha tatu cha 10⁹ ni 10³, na cha 1.56 ni 1.16. Maji yote ya Masinga likiwa limejaa yangeenea katika mchemraba wenye upande wa mita 1,160, zaidi kidogo ya kilomita moja. Ziwa linaloonekana halina mwisho kwa macho linaingia katika umbo ambalo mtu anaweza kuuzunguka msingi wake kwa miguu kwa muda wa kama saa moja.

Katika mtindo huu wa kuandika namba, cha kusomwa kwanza ni kipeo cha 10. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,545,714 katika Kaunti ya Meru na 608,599 katika Kaunti ya Embu, yaani karibu 1.55 × 10⁶ na 6.09 × 10⁵. Mwanafunzi anayetazama 1.55 na 6.09 pekee ataipa Embu watu wengi zaidi. Vipeo vinasema Meru, na kugawanya kunathibitisha: ina watu zaidi ya mara mbili na nusu.

Umeme unaotoka kwenye mabwawa hayo nao unatii kipeo cha pili. Joto linalopotea ndani ya waya hutegemea mraba wa mkondo unaopita. Mkondo ukipunguzwa mara 10, hasara hupungua mara 10², yaani mara 100. Ili kupeleka kiasi kile kile cha nguvu kwa mkondo mdogo, volteji inapaswa kupandishwa, na ndiyo sababu njia kuu za umeme kutoka Seven Forks hubeba volti 132,000 na 220,000, zikiwa juu ya nguzo ndefu za chuma zinazokatiza eneo la Mbeere huko Embu, huku nyumba zilizo chini yake zikitumia volti 240.

Hadi hapa, mara nyingi namba ya chini ndiyo iliyobadilika, na kipeo kikabaki 2 au 3. Kinapokuwa kipeo ndicho kinachokua, mambo huenda kasi kuliko akili ilivyozoea. Baadhi ya bakteria, wakipata joto na chakula cha kutosha, huongezeka maradufu takriban kila dakika 20, yaani mara 2³ kwa saa. Mmoja aliyeachwa katika hali hiyo kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana amepata maradufu 24, na 2²⁴ ni 16,777,216. Haraka ya vyama vya ushirika vya maziwa kufikisha maziwa kwenye mtambo wa kupoza inaeleweka mtu akiitazama namba hiyo. Kupoza hakuwaui bakteria wote. Kunachelewesha kipeo kisikue.

Deni hukua vivyo hivyo. Mkopo wa shilingi 10,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ikiongezwa juu ya deni kila mwezi, huzidishwa kwa 1.1 kila mwezi. Baada ya mwaka mzima ni 10,000 × 1.1¹², yaani shilingi 31,384. Mkopaji aliyehesabu kwa kujumlisha tu, shilingi 1,000 kila mwezi, alitarajia 22,000. Zile 9,384 za ziada ni riba juu ya riba, na ni vigumu kuziona katika miezi ya mwanzo. Mwezi wa pili tofauti ni shilingi 100 tu.

Mkopaji huyo ana swali ambalo vipeo na vipeuo pekee havijalijibu: deni litafika maradufu lini? Namba ya chini inajulikana, 1.1. Jibu linajulikana, 2. Kisichojulikana ni kipeo chenyewe. Swali hili la tatu ndilo logi. John Napier wa Uskoti alichapisha majedwali ya kwanza mwaka 1614, na kwa zaidi ya karne tatu mabaharia, wanafalaki na wapimaji ardhi waliyategemea, kwa kuwa hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na kipeuo kuwa kugawanya. Logi ya 2 katika kijitabu cha mtihani, yaani kipeo cha 10 kinachotoa 2, ni 0.3010, na ya 1.1 ni 0.0414. Ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata kama 7.27. Mwisho wa mwezi wa saba deni ni shilingi 19,487. Mwisho wa mwezi wa nane limevuka maradufu na kufika 21,436.